Kijana Aliyetoka Bila Kuaga

Miongoni mwa filamu ambazo vijana wetu hupeana katika simu zao, ipo moja isiyo na bunduki wala magari yanayofukuzana, na bado aliyekwisha kuianza hawezi kuiacha. Inaitwa "127 Hours", yaani saa 127, nayo ilitoka mwaka 2010, mwongozaji wake akiwa Mwingereza Danny Boyle. Ina urefu wa dakika 94, na kwa sehemu kubwa ya dakika hizo mtazamaji hatazami ila mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja, mkono wake wa kulia umebanwa baina ya jiwe na ukuta wa mwamba.

Hatuiandiki hapa kwa kuipigia debe. Yamo ndani yake ambayo mzazi Mwislamu hatayaridhia, na tutayataja. Tunaiandika kwa kuwa kisa chake ni cha kweli, na kwa kuwa kila anayekisimulia hukimbilia mwisho wake, pale kijana yule anapoukata mkono wake mwenyewe, akapaacha pale kisa kilipoanzia. Kilianzia nyumbani, mlangoni.

Kijana huyo ni Aron Ralston, Mmarekani, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Alisomea uhandisi wa mitambo na akapata kazi katika kampuni kubwa ya vifaa vya kompyuta, kazi ambayo wazazi wengi wangeifanyia maulidi. Mwaka 2002 akaiacha kwa hiari yake ili apate wasaa wa kupanda milima, akahamia Aspen katika jimbo la Colorado, na kuajiriwa dukani. Alikuwa amejiwekea nadhiri ya kuvipanda vilele vya Colorado vinavyozidi futi 14,000, peke yake, tena katika majira ya baridi. Kwa hiyo hakuwa mgeni wa hatari. Alikuwa hodari, na uhodari wake ndio uliomfanya aone kwamba hahitaji mtu.

Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 2003 aliingia katika korongo liitwalo Bluejohn, kusini-mashariki mwa jimbo la Utah. Nchi hiyo ni kame, ya mawe mekundu, nayo mafuriko ya zama na zama yamepasua miamba na kuacha nyufa ndefu zenye kina kirefu, nyingine nyembamba kiasi cha kumlazimu mtu apite kwa ubavu. Juu huonekana ukanda mdogo tu wa mbingu. Alikuwa akishuka katika ufa mmojawapo, akashika jiwe lililokuwa limekwama baina ya kuta mbili, jiwe la kilo zipatazo 360. Likachomoka. Likaporomoka pamoja naye, na lilipokwama tena lilikuwa limeukandamiza mkono wake ukutani.

Alikuwa na maji yasiyofika lita moja, chakula kidogo, kamba za kupandia, kamera ndogo ya video, na kisu cha kukunja cha bei rahisi kisichokuwa na makali ya maana. Mawimbi ya simu hayafiki katika makorongo yale. Wala hapakuwa na mtu hata mmoja duniani aliyejua kuwa yupo pale, kwa kuwa hakumwambia mtu.

Waliotengeneza filamu wamelionyesha jambo hili mwanzoni kabisa, kwa ufundi wa kimya. Kijana anafungasha vitu usiku, ana haraka. Simu inalia, ni dada yake, anaacha ujumbe na kumkumbusha ampigie mama kwa kuwa mama ana wasiwasi. Yeye anasikia kila neno, na simu haipokei. Anapapasa kabatini kutafuta kisu. Kisu kizuri kipo, ncha za vidole zinakaribia kukigusa, kisha mkono unaondoka mtupu. Anajaza maji chupani, anatoka, na bomba linabaki likidondoka. Hakuna hata kosa moja humo ambalo kijana wa nyumba zetu hajalifanya juma hili hili.

Siku tano alikaa mle. Alijaribu kulichonga jiwe kwa kisu, likawa kama linamcheka. Alijaribu kulinyanyua kwa kamba alizozifunga kwa maarifa yote ya uhandisi, lisitikisike. Usiku baridi ilimtafuna. Asubuhi miale ya jua ilimfikia kwa dakika chache tu, kisha ikapita. Maji yalipokwisha alikunywa mkojo wake. Alichora ukutani jina lake, mwaka aliozaliwa, na mwezi aliodhani kuwa ndio wa kufa kwake.

Kisha akawasha kamera, akaanza kuaga. Ni hapa tunapomwomba msomaji asimame nasi kidogo. Mtu aliyeacha kazi, akaacha mji, akaacha kila kitu kwa ajili ya vilele vya milima, alipodhani amebakiwa na saa chache za uhai, hakuzungumza na kamera ile habari za vilele. Alizungumza na mama yake na baba yake. Aliwaomba radhi. Katika filamu anakiri kuwa hakuwa akizijibu simu za mama yake. Maneno ambayo yangechukua nusu dakika mlangoni, siku ya Ijumaa, sasa aliyasema kwa midomo iliyokauka, ndani ya chombo ambacho hakuwa na hakika kama kitaonwa na mtu.

Waislamu tunacho kisa chetu cha jiwe. Kimo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, na watoto wa madrasa wanakijua: watu watatu wa umma zilizotangulia waliingia pangoni, jabali likaporomoka likauziba mlango. Nao pia hawakuwa na mtu anayejua walipo. Wakaambiana kwamba hakuna kitakachowatoa ila kila mmoja amwombe Mwenyezi Mungu (SW) kwa amali aliyoifanya kwa ikhlasi. Mmoja alikuwa amejizuia na zinaa hali ameshaipatia njia. Mmoja alikuwa ameutunza ujira wa kibarua wake hata ukawa mali nyingi, akamkabidhi wote. Lakini aliyeanza, ambaye kwa dua yake jiwe lilisogea kwa mara ya kwanza na mbingu ikaonekana, hakuleta ila bakuli la maziwa. Alirudi na mifugo usiku, akawakuta wazazi wake wazee wamelala, akasimama na maziwa mkononi mpaka alfajiri, hataki kuwaamsha na hataki kuwatangulizia watoto wake ijapokuwa walikuwa wakilia kwa njaa.

Tunavitazama visa hivi viwili tukiwa tumeviweka ubavu kwa ubavu. Wote waliobanwa na jiwe waliwakumbuka wazazi. Mmoja aliwakumbuka akiwa na akiba kwao, na mwingine aliwakumbuka akiwa na deni.

Mtume wetu (SAW) alikuwa na neno juu ya kusafiri peke yake. Imepokewa kuwa lau watu wangejua anayoyajua yeye kuhusu upweke wa safarini, basi hapana mpandaji angesafiri usiku pasi na mwenziwe. Na watatu wakisafiri, imesuniwa wamteue mmoja wao kuwa amiri. Msafiri naye huwaweka anaowaacha katika amana ya Mwenyezi Mungu, na wanaobaki humuombea kwa Mola amhifadhie dini yake, amana yake na mwisho wa amali zake. Wazee wetu wa pwani waliyakusanya yote hayo katika neno moja jepesi, kuaga. Mtoto akisema "Mama, natoka," hujibiwa "Haya mwanangu, Mungu akurudishe salama," na katika majibizano hayo mafupi limeshapatikana jina la mahali, limepatikana lini anarudi, na imepatikana dua.

Asije mtu akadhani kuwa tunawafungia vijana ndani. Ibn Battuta alitoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akatoka peke yake bila msafara wala mwenza. Mwenyewe amesimulia namna kutengana na wazazi wake kulivyomuuma yeye na kulivyowauma wao. Aliwaaga, akaingia njiani, akajiunga na misafara, na mwaka 1331 alikuwa Mombasa na Kilwa, akiswali pamoja na babu zetu. Yule alikuwa jasiri kuliko wote tunaowaona katika skrini. Ujasiri wake haukumzuia kulia mlangoni.

Turudi kwa mama yake Ralston, ambaye filamu haikumpa nafasi anayostahili. Wakati mwanawe yumo ufaoni, alikuwa hajui lolote. Kijana aliposhindwa kutokea kazini, wenzake wa dukani wakampigia simu mama huyo. Hakungoja kuambiwa atulie. Aliingia katika barua-pepe za mwanawe kwa kulibahatisha jibu la siri lililoifunga, akatafuta kila dalili ya alikokwenda, na akawasukuma wakuu wa usalama wa majimbo mpaka gari lake likapatikana limeegeshwa kwenye mwanzo wa njia ya makorongoni. Helikopta ikapelekwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na katika kisa hiki uchungu huo ndio uliogeuka kuwa ramani.

Alhamisi, tarehe 1 Mei, Ralston alitambua kwamba kisu chake hakiwezi kukata mfupa, lakini mwili wake wenyewe, akiupinda kwa nguvu zake zote dhidi ya jiwe, ungeweza kuuvunja. Hatutaeleza zaidi. Kazi hiyo ilimchukua muda wa saa moja hivi. Kisha akashuka kwa kamba, kwa mkono mmoja, ukuta wa urefu wa mita zipatazo 20, akatembea juani huku damu ikimtoka, hata akakutana na familia ya Kiholanzi, baba, mama na mtoto, wakampa maji na biskuti. Wakati huo helikopta ilikuwa tayari angani ikimtafuta. Madaktari na wale waliomwokoa wanajua kuwa mtu aliyepoteza damu kiasi kile asingeweza kulifikia gari lake kwa miguu. Kisu kilimtoa katika jiwe. Kilichomtoa jangwani ni kuwa mama yake alimtafuta.

Vijana wametuuliza kama kitendo kile ni halali, na swali lao si la mchezo. Kuihifadhi nafsi ni mojawapo ya mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, na wanazuoni wana kanuni yao kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, kwa kadiri ya dharura yenyewe na si zaidi. Hata mkojo, ambao katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi, huingia katika mlango huo kwa mwenye kiu ya kufa. Maji machache yakihitajika kwa kunywa, mtu huyanywa na kutayamamu; swala haimwondokei madamu akili anayo, ataiswali kwa hali aliyonayo, hata kwa ishara. Kukata kiungo ili nafsi ibaki hakuhesabiwi kuwa ni kujiua. Ni kinyume chake.

Na katika historia yetu yupo Urwa bin Zubayr, mwana wa Asma binti Abubakar, mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Inasimuliwa kwamba alipokwenda Sham kwa Khalifa al-Walid alipatwa na donda mguuni lililokuwa likipanda, wakaamua mguu ukatwe. Akapewa kileo kimpoteze fahamu, akakataa. Katika safari hiyo hiyo mwanawe akafa kwa kupigwa na mnyama katika zizi. Alipoletewa mguu wake hakulalamika. Alimshukuru Mola wake kwamba alimpa viungo vinne akachukua kimoja, na wana saba akachukua mmoja. Tunapoiona filamu hii ikimsifu binadamu kwa nguvu ya utashi wake, tunamkumbuka Urwa, ambaye alikatwa akiwa amezungukwa na watu, na katika ulimi wake hapakuwa na sifa yake mwenyewe.

Lipo hata la mkono uliobaki. Walinzi wa hifadhi walirudi korongoni na winchi na jeki ndipo wakaweza kuliondoa jiwe lile. Mkono ukachomwa, na majivu akakabidhiwa Ralston, akaenda kuyamwaga pale pale. Sisi kiungo cha Mwislamu hai kikikatwa hukizika, na tungependa hospitali zetu zilikumbuke hilo bila kusubiri familia iulize.

Sasa ahadi yetu kwa wazazi. Filamu hii Marekani imewekwa katika daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 hatakiwi kuitazama bila mzazi. Yamo matusi, wamo wasichana wawili anaoogelea nao (jambo ambalo Ralston mwenyewe amesema halikutokea hivyo), yamo mawazo yake ya anasa, na tukio la kukata mkono limewazimisha baadhi ya watu wazima katika maonyesho ya mwanzo. Muziki wake ni wa A. R. Rahman wa India, aliyesilimu ujanani, na vijana hodari wa hoja huleta jina hilo kama fatwa. Si fatwa. Mwenye watoto wadogo asiiweke sebuleni. Mwenye kijana wa miaka kumi na minane ambaye ameshaiona kwa mwenziwe, na wengi wameshaiona, afadhali azungumze naye kuliko ajifanye hajui.

Lakini akizungumza naye asianze kwa kumlaumu Ralston. Yapo ya kujiuliza sisi wazazi kwanza. Kijana akisema anakwenda ufukweni na wenzake, husomewa khutba ya nusu saa, akahesabiwa makosa yake tangu darasa la tano, na mwishoni akakatazwa. Siku ya pili anatoka kimya kimya, akarudi salama, na hakuna aliyemuuliza. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kusema kuna gharama na kunyamaza hakuna. Nyumba ya namna hiyo inamfundisha kutokuaga kwa bidii kuliko filamu yoyote.

Na wapo akina baba wanaotoka baada ya Isha bila kusema waendako. Mke akiuliza, huambiwa anachunguza. Mtoto wa kiume anayeyasikia hayo kutoka chumbani huona kuwa kutoulizwa ndiyo dalili ya uanaume. Binti naye huona kuwa mama ni mtu wa kungoja. Simu zimelizidisha jambo, kwani kila mtu hujiambia kwamba akihitajika atapigiwa, na anayebaki nyumbani hujiambia kwamba atapiga. Simu huisha chaji. Mawimbi hukatika. Wapo vijana wetu wanaopanda mabasi ya usiku, wanaoingia baharini kwa ngarawa za kuazima, wanaokwenda kutafuta riziki Uarabuni, ambao mama zao wanajua tu kwamba "yupo mjini."

Mzazi anayetaka kuagwa na aanze kupokea kuaga kwa uso mkunjufu, hata kama safari yenyewe haimpendezi. Aulize wapi, na nani, na lini, aombe dua, kisha la kukataza alikataze kwa sababu, na la kuruhusu aliruhusu kwa moyo. Na siku anayotoka yeye, awaage wanawe.

Ralston aliendelea kupanda milima, sasa kwa mkono mmoja na kifaa cha chuma. Maandishi ya mwisho yanayotokea katika filamu yanaeleza kuwa bado anazuru makorongo yale, na kwamba siku hizi hatoki bila kuacha kikaratasi kinachowaambia watu wake anakokwenda.